Mtambaa Panya

Baba yangu, Colman Tarpey, fundi wa kuchomelea vyuma wa Kilvarna,
aliamini vitu viwili: futi ya chuma
na penseli iliyochongwa kwa kisu.
Siku kamati ilipomletea kazi ya magoli
alivua kofia, akauliza tu:
"Ya mchezo gani?"

Maana uwanja ni mmoja na mvua ni ileile,
lakini Jumamosi asubuhi ni watoto wa soka,
jioni ni raga, wanaume wenye masikio yaliyofura,
na Jumapili, misa ikishatoka, ni mchezo wetu,
mpira wa Kiayalandi, wa mikono na miguu,
ambao bibi aliuchomeka kwenye rozari
nyuma kidogo ya roho za marehemu.

Akaandika kwa chaki juu ya mlango wa karakana:
Soka, upana saba nukta tatu mbili, kimo mbili nukta nne nne.
Raga, tano nukta sita. Mtambaa panya, mita tatu.
Wetu, sita na nusu.
Mtambaa panya, mbili na nusu.
Hapo akasita, chaki hewani,
kama aliyeombwa kuandika jina la mtu aliye hai
kwenye jiwe la kaburi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilijua.
Kilvarna nzima ilijua.

Fainali ya kaunti, mwaka niliozaliwa.
Tumeachwa pointi mbili, dakika zimekwisha,
na baba mdogo Enda yuko uso kwa uso na lango,
golikipa kishalala matopeni.
Chini ya mtambaa panya: tatu, kombe, mioto njia panda.
Juu yake: moja.
Akapiga juu.
Kiganja kimoja juu, si zaidi.
Mzee wa koti jeupe akapunga bendera nyeupe.
Ya kijani ikabaki imelala miguuni pake.

Nimeufikiria mpira ule kuliko inavyonipasa.
Kimo kilekile, siku ya raga,
ungekuwa umepita chini, usihesabiwe kitu.
Siku ya soka ungekuwa umepaa,
wakamzomea, wakaenda kunywa.
Sisi tulimpa moja.
Moja ile ilimuuma kuliko patupu.

Mwezi wa tatu akaenda Australia kunyoa kondoo.
Krismasi alipiga simu, sauti ikichelewa njiani:
"Huku wana milingoti minne, Colman,
imesimama tu kama watu waliosahau walilolijia.
Mtambaa panya hakuna!
Piga juu utakavyo, katikati ya ile mirefu, ni sita."
Baba akauliza, "Na ukigonga mlingoti?"
Kimya. Dakika zile zililipiwa.
"Wanakupa moja."

Tulisimamisha magoli wiki moja kabla ya Pasaka.
Mimi nilishika mwanzo wa futi, chini, kwenye nyasi;
yeye alikuwa juu ya ngazi, akasoma mwenyewe.
"Mbili na nusu," alisema,
na cheche zikamwagika kama mtama.

Sasa karakana ni yangu, na futi,
na kikohozi chake kimebaki kwenye kuta.
Juzi kaunti ilileta fomu ya ukaguzi.
Goli la kusini: sawasawa.
Goli la kaskazini, lile la Enda,
nilipima, nikashuka, nikafuta futi kwa sketi, nikapima tena.
Mbili nukta sita.
Kiganja kimoja.

Miaka ishirini na sita watu wamefunga pale chini,
mipira ambayo ilistahili kupita juu,
na hakuna aliyeuliza.
Enda hakurudi kuiona nafasi ile.
Sidhani aliambiwa.

Nilitoa penseli. Kwenye fomu niliandika
mbili na nusu, mwandiko wa kusomeka,
nikaikunja, nikaketi kwenye kreti la rangi.
Kunguru akatua pale juu,
akatembea toka mlingoti hadi mlingoti, bila haraka,
akageuka, akarudi.