Mkasi wa Tambi

Huko Jeonju tambi baridi hukatwa kwa mkasi, mezani,
ndiyo maana hakuna aliyegundua
kwamba Dal-rae hawezi kukata uzi kwa meno.

Magego yake hukutana; ya mbele hayajuani.
Katikati pana dirisha,
na ulimi umezoea kuchungulia
kila amezapo mate.

"Kidole gumba, hadi miaka saba," mama anakiri,
kama aliyeiba.
Daktari Pyo halaumu. Anabandika vyuma,
anatundika vipira vivutane, juu na chini,
anasimamisha uzio mdogo nyuma ya meno:
"Ulimi ukae darini. Meza. Tena."

Mwezi wa kumi na tisa
Dal-rae alishona kifungo, akauma uzi.
Ukakatika.
Akatunga sindano tena,
hana kifungo cha kushona.