Saa Nne Usiku, Jua Bado

Tulikuwa tumejiandaa kwa baridi.
Mama mkwe alifuma masweta mawili hapa Kiboriloni,
akayakunja juu ya kilo tatu za kahawa ya shambani kwake,
akafunga zipu ya begi kwa goti.
Hakuna aliyetuonya kuhusu mwanga.

Shangazi yao alitupokea uwanjani.
Mkunde alimkagua kuanzia viatu hadi nywele,
akauliza: "Ni wewe wa pale sebuleni,
juu ya friji?"
Ndeanka akasema ndiyo, ni mimi,
leo nimeshuka.

Helsinki niliiona kwa hesabu.
Koni mbili za aiskrimu bandarini:
kuku mmoja wa Mbuyuni, tena jogoo.
Shakwe akashuka, akaipokonya ya Anaeli mkononi,
nusu jogoo ikaruka baharini.
Mtoto alililia utamu. Mimi nililia bei.
Kwenye tremu waligombania dirisha,
kanisani waligombania mwangwi,
na makumbusho, nilikolipa kiingilio,
walichokipenda ni choo:
bomba linafunguka lenyewe ukinyoosha kiganja.
Walinawa mara saba.
Sanamu za wafalme ziliwasubiri hadi zikachoka.

Lakini usiku.
Nimewafundisha wanangu saa kama nilivyofundishwa:
jua likichomoza unaanza kuhesabu,
likizama unaanza upya.
Sasa Anaeli amesimama na nguo za kulalia,
paji la uso kwenye kioo:
"Mama, hii saa nne ya usiku,
usiku wake uko wapi?"
Nikavuta pazia jeusi la mwenye nyumba.
Mwanga ukapita pembeni, kama jirani mwenye shida.

Bibi yao akapiga, simu ya picha.
Kiangazi, saa za kule ni hizi hizi zetu,
hazipishani hata dakika.
Umeme ulikuwa umekatika Kiboriloni,
tuliona pua yake tu, na kitambaa cha kichwani.
"Kwangu ni saa nne," akasema.
"Hata hapa ni saa nne, mama."
"Saa nne, na jua hilo mgongoni?
Mnanidanganya mimi, au mnamdanganya Mungu?"
Ndeanka akacheka mpaka akakaa sakafuni.
Kisha akavaa viatu, akaenda zamu,
kuwageuza wazee wa watu vitandani
katika mchana ule ule.
Miaka sita. Mama yake mwenyewe
hajamgeuza hata mto.

Sasa ni Desemba, na Moshi imefurika.
Magari ya Dar yamepanga foleni hadi darajani,
kila ua una mbuzi wake anayelalamika,
kila mtu amerudi nyumbani kuhesabiwa.
Sisi tumepungukiwa mmoja.

Saa kumi na moja jioni simu ikaita.
Ndeanka alikuwa kwenye kituo cha tremu,
nyuma yake giza tupu, na taa,
na kitu cheupe kikianguka polepole.
Bibi akaitazama ile picha kwa muda.
"Kumbe lilikuwa la mkopo," akasema,
"sasa wanalipa."

Mkunde hakuuliza mtu.
Akachukua kigoda, akaegemeza simu kwenye sufuria,
akaigeuza kioo nje, kuelekea uani:
migomba, kamba ya nguo, yale masweta mawili
ambayo hakuna aliyeyavaa,
kuku anayejichimbia vumbi,
na Kibo juu, wingu likiwa limemvuka shingoni.
"Unaliona, shangazi?"
"Naliona. Acha hapo hapo."

Tukaendelea kumenya ndizi.
Kutoka kwenye kigoda tulisikia tremu ikifika,
milango ikifunguka, ikifungwa,
tremu ikiondoka.
Hakupanda.
Chaji ilipokwisha, jua lilikuwa bado
kidole kimoja juu ya migomba.