Pia ya Goti

Tulidhani anacheza.
Hatua tatu, kisha mguu wa nyuma juu,
hatua tatu, mguu juu,
kama mtoto anayeruka vyumba vya chaki uani.
Minza akacheka, akampigia makofi.
Tulimwita Gololi, kwa jinsi alivyoviringana
na kukosa breki kwenye sakafu ya saruji.

Alitoka Capri Point ndani ya kapu la nyanya.
Mama wa nyumba ile alikuwa anahama, akamwambia Minza:
chukua huyu, ni wa aina ndogo, hatakuja kuwa mkubwa.
Hakusema lolote juu ya miguu.

Sisi tunakaa Igogo, juu, kwenye mawe.
Nyumba yetu imeegemea jiwe lililo kubwa kuliko nyumba,
na kutoka barabarani kuna ngazi mia moja na kumi na nane.
Nazihesabu kwa magoti.
Kichwa kina kazi yake, ndoo ya dagaa.

Alipotimiza miezi minne mchezo uliacha kuwa mchezo.
Alifika ngazi ya tisa, akakaa,
akanitazama kama mteja aliyesahau pochi.
Usiku nilimsikia akijilamba goti,
lamba, lamba, sauti ya maji madogo ya ziwa
yakigusa mtumbwi uliofungwa.
Mama Ng'wandu akasema kupitia dirishani:
mbwa asiyeweza kumfukuza mwizi, mbwa gani?
Mwizi hapandi huku, nikamjibu. Naye ana magoti.

Daktari wa mifugo Shigela, ofisi yake iko Nyakato,
nyuma ya duka la chakula cha kuku.
Amezoea ng'ombe, lakini ile mikono mipana
ilimshika Gololi kama yai la kwale.
Akaukunja mguu, akaunyoosha,
akafumba macho, kama anayesikiliza.
"Lete kidole chako," akaniambia,
akakibandika hapo.
Kitu kidogo, kama punje ya harage,
kikateleza kando ya mfupa, kikarudi.
"Hiyo ndiyo pia ya goti. Mfereji wake haukuchimbika vizuri.
Hawa wadogo, wengi huzaliwa hivyo."

Pia.
Niliifikiria ile ya watoto,
inayozunguka vumbini mpaka inalewa na kuanguka.
Kisha nikafikiria: na mimi pia.

Nikauliza kama atapona. Akanawa mikono, muda mrefu.
Kuna kupasua, akasema, ila bei yake ni ya ndama,
kwa hiyo kwanza tungoje. Asinenepe.
Asiruke kutoka kitandani.
Vichwa vya sangara, basi. Ngazi, basi.
"Na wewe," akaongeza bila kunitazama,
"huo mguu wa kushoto una muda gani?"
Nikasema nimekuja kwa ajili ya mbwa.

Basi sasa nambeba, mtaa mzima ucheke:
ndoo kichwani, kijibwa mgongoni kwa kanga,
masikio yake yakinifuta jasho la shingo.
Jumapili tunashuka ziwani, pale wanapofulia.
Minza anamshika tumbo, naye anapiga kasia
kwa miguu minne, yote minne,
hakuna unaobaki juu.
Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko.
Hawakusema kitu juu ya mbwa anayeuona ufuko
akaupa mgongo, akataka kuendelea.

Jana alinitoroka chini kabisa, ngazi ya kwanza.
Ya pili. Kwenye ya tatu goti likatoka, nililiona.
Akasimama. Akaunyoosha mguu nyuma, mbali,
kama mtu anayekung'uta mchanga kiatuni,
mpaka pia ikarudi mahali pake.
Ya nne.

Nikatua ndoo.
Nikatazama juu, nikatazama chini, hakuna mtu.
Nikaunyoosha wangu wa kushoto, nyuma, mbali.