Fedha Iliyorudi

Sufuria ya api ilipinduka alfajiri,
uji wa mahindi ya zambarau, mdalasini, karafuu,
ambao binti yangu Nieves huwauzia madereva wa Uyuni
kwenye kona ya stendi.
Maruja, miaka minne, alikuwa chini ya meza
akimvalisha mwanasesere soksi.

Sikuwepo. Kuna mtu alinijia mbio,
na hapa Potosí, hewa ilivyo haba,
mtu hakimbii bure.

Siku ya tisa wodini, bandeji ilipofunuliwa,
ilinukia zabibu.
Nilifurahi, mjinga mimi, nikadhani ni sabuni.
Nesi Choquevilca hakufurahi.
Akanionyesha usaha: kijani cha shaba iliyolala mvuani.
Kijidudu hiki, akasema, hunukia kwanza, huua baadaye.
Dawa ya kwanza kimeizoea
kama sisi tulivyoizoea baridi.
Ya pili kimeila.
Ya tatu, ya nne, karatasi ya maabara
imerudi na herufi ile ile, mstari kwa mstari,
kama mwalimu aliyechoka kusahihisha.

Kisha akachana pakiti, akatoa kitambaa
cha rangi iliyo kati ya buluu na jivu,
akakitaja: fedha.

Nilicheka. Mnisamehe, nilicheka
mpaka kifua kikanidai vumbi lake.
Miaka thelathini na mmoja nimeingia tumboni
mwa mlima ule pale dirishani,
nikatoka na zinki, nikatoka na bati,
na makombo ya fedha waliyoyasaza
waliokula kabla yetu.
Babu wa babu yangu alipanda ngazi za ngozi
na gunia mgongoni, mshumaa kidoleni;
gunia likavuka bahari, likawa sahani,
likawa vishikizo vya makoti ya watu
wasioijua baridi hii.
Sisi hatukuachiwa hata kijiko.

Leo inarudi, imefumwa,
imefungwa kwenye karatasi ya lugha nisiyoisoma,
kipande kimoja, pensheni yangu ya mwezi.
Fedha kuinunua fedha:
neno moja, na mara zote mbili
ni mimi niliyepungukiwa.

Nesi alikilowanisha kwa maji safi.
Si ya chumvi, akasema, chumvi huikamata fedha
ikashindwa kufanya kazi.
Maruja analia. Mimi nimemwinamia.
Nikakumbuka chozi nalo lina chumvi,
nikarudi nyuma hatua mbili,
nikaupa ukuta uso wangu.

Inafanyaje, nikauliza ukuta.
Chembe zinatoka kitambaani, nesi akajibu,
zinatoboa ganda la kijidudu, zinamvuruga ndani.
Kumbe kazi yetu, nikasema: tindo na baruti.
Akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja.
Ila mzee Casimiro, fedha haioteshi ngozi.
Inakaa mlangoni tu. Ngozi ataiotesha mwenyewe.
Na ipo siku vijidudu vitaizoea na hii.
Ahadi usiniombe.

Sikumwomba. Mchimbaji huomba taa isizimike,
mengine ni ya mlima.

Siku tatu kitambaa hakikuguswa.
Usiku nilikaa kwenye benchi la korido
nikihesabu pumzi zake kupitia mlango ulioachwa wazi,
na pale homa ilipozidi nilitafuna majani yangu ya koka
mpaka shavu likafa ganzi, nikaendelea kuhesabu.

Kilipobanduliwa, pembeni mwa kidonda
ngozi ilikuwa na weusi wa kijivu.
Nieves aliguta. Mimi nilikuwa naujua weusi ule:
ndio niliokuja nao nyumbani kila zamu,
aliousugua mama yake kwa jiwe la mto.
Utatoka, nikamwambia. Mara hii utatoka.
Nikanusa.
Nikanusa tena.
Hakuna zabibu.

Nesi akakikunja kile kitambaa kilichochoka,
akakitupa kwenye ndoo nyekundu,
kwenda kuchomwa na taka nyingine.
Na mimi, niliyewahi kutambaa kwa magoti gizani
nikifuata uzi wa fedha mwembamba kuliko unywele,
niliitazama ikizama
na mkono wangu haukusogea.