Sikio la Kushoto

Lilifika ofisini ndani ya kopo la achari,
limekaushwa kwa chumvi, limeviringwa gazeti la Ijumaa:
sikio la punda, la kushoto,
na hereni ya njano ingali imeng'ang'ania, nambari 0317.
Ndivyo yasemavyo masharti yetu, ukurasa wa nne:
mnyama akifa, sikio liletwe.

Pamoja nalo, fomu. Mdai: Fumo Lali Mbwana, wa Matondoni.
Mnyama: dume, miaka sita, rangi ya majivu.
Sababu ya kifo: tumbo.
Barua ya daktari wa mifugo, muhuri wa mviringo.
Picha moja: punda kalala ubavu mchangani,
macho kayafumba kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Bosi alishaandika LIPA kwa wino wa kijani.
Mimi nikaitazama picha mara ya pili,
si kwa werevu; chai yangu ilikuwa bado ya moto.
Mwili wote umetulia, kwato hadi pua,
ila mkia. Mkia umefifia, umekuwa moshi.
Miaka kumi na mmoja nakagua madai,
sijaona mzoga unaofukuza nzi.

Fumo Lali alinipokea kwa kahawa na msiba.
"Aliyempa ndiye aliyemtwaa," akasema.
Kaburi? "Tulimfukia ufuoni. Bamvua likamchukua."
Daktari? "Kahamishwa. Garissa, nadhani."
Kila swali nililobisha nalo
lilikuta jibu limeshavaa kanzu, linangoja mlangoni.

Sikubishana. Nikarudi mjini.
Nyuma ya Langoni wanajenga hoteli,
punda wanashusha mchanga tangu alfajiri, sita, saba, kwa foleni.
Wa tano alikuwa wa rangi ya majivu
na upande wa kushoto wa kichwa
palikuwa na kisiki, kimepakwa dawa ya zambarau.
Wahenga walisema punda afe, mzigo ufike.
Huyu kafa, na mzigo ungali unafika,
madebe mawili huku, madebe mawili huku.

"Shangwe!"
Mtoto wa kike, miaka tisa labda, kamba mkononi.
Punda akageuka kwa sikio lile lililobaki.
Nikauliza: la pili li wapi?
"Baba alilitinda. Alilia mno."
Punda?
"Baba."

Akaendelea bila kuulizwa; watoto hawana wakili.
Mamake Shangwe alikufa kweli, mwaka juzi, kwa tumbo.
Wakamzika mzima, na hereni yake, kwa heshima,
wakapeleka picha ya kaburi.
Kampuni ikajibu mistari miwili: bila sikio, hakuna fidia.
Barua baba anayo, kaikunja ndani ya mfuko wa plastiki,
na mtoto anaijua kwa moyo, mpaka chini,
mpaka kwenye saini:
"M. Bwanaheri, Mkaguzi."

Nikakigeuza kitambulisho changu kifuani.
Jina likatazama nguo.

Sasa ni usiku, chumba cha wageni, feni inasota.
Nimeandika: Punda yu hai. Anafanya kazi. Nimemwona.
Nimeandika: Dai ni la uongo, muhuri pia.
Hayo hayakunisumbua, mkono umeyazoea.
Chini yake pana nafasi, Maoni Mengine ya Mkaguzi,
ambayo kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiipiga mstari.
Nimeandika nambari ya faili la mamake.
Nimeifuta. Nimeiandika tena, kalamu ikatoboa karatasi.

Kopo liko mezani; nilikuja nalo, ni ushahidi.
Kwa joto hili chumvi imeanza kutoa maji.
Nimerudia masharti yote, herufi ndogo na kubwa.
Ukurasa wa nne unasema sikio liletwe.
Hausemi mahali popote,
mwenyewe akionekana yu hai,
linarudishwa vipi, na nani.