Spana ya Kumi na Nne

Fundi Ngassa wa Isevya alitaka elfu arobaini
kubadili pedi za breki, na gari lilale kwake siku tatu.
Mara ya mwisho lililala kwake
likarudi tangi limekauka
na kiti cha nyuma kinanuka kuku.

Nikasema hapana. Nikashika kikapu
nikaenda Soko Kuu kama anayefuata dagaa.

Kapela alikuwa amemwaga vyuma juu ya turubai,
jirani na wauza asali:
spana zilizopotezana na wenzake,
bisibisi za mpini wa njano,
nyundo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
jeki moja imechuchumaa kama chura aliyeshiba.
"Hii ya Mjerumani, mama," akaniambia,
na huo Ujerumani umeandikwa kwa tindo, herufi moja imegeuka.

Mimi vyuma sivijui. Vyungu navijua.
Mama yangu, kule Sikonge, hakununua chungu bila kukigonga.
Alikipakata kiganjani, akakipiga kwa kucha, akatega sikio.
Kizima huitika.
Chenye ufa hukohoa.

Basi nikazining'iniza spana kwenye uzi, moja moja,
nikazigonga kwa ufunguo wa gari.
Watu wakasimama. Muuza vitunguu akauliza nani kaniroga.
Ya Mjerumani ikakohoa.
Moja nyeusi, haina jina, ina kutu mgongoni,
ikalia, ikaendelea kulia
hata nilipokwisha kuuliza bei.

Elfu mbili. Namba kumi na nne.
Jeki elfu kumi na tano, akaiapia kwa macho yake yote mawili.
Bisibisi mia nane. Hiyo sikuigonga;
plastiki utaisikiliza nini?

"Rahisi ghali, Mama Nyanzala,"
akasema Msabila juu ya ua, karani wa reli aliyestaafu.
Huyu husema hivyo tangu nimfahamu:
kuhusu mabati, kuhusu viatu, kuhusu mkwewe.

Na siku ile alikula ushindi wake.
Mchanga wa Tabora haubebi jeki.
Ilizama taratibu, na gari nalo likainama kutazama,
mpaka nilipoleta ubao wa kukatia nyama.
Bisibisi ikapinda kama mshumaa uliosahauliwa juani.
Msabila akakohoa kidogo, kwa furaha.

Rahisi ghali, sawa.
Lakini ghali nayo ni ghali,
mbona hilo halikupewa methali?

Bolti ya kalipa haikutaka.
Nikaketi chini, gauni na yote,
nikaitia ile nyeusi, nikaipiga kwa kisigino.
Mara ya kwanza, kimya.
Mara ya pili ngozi ya kidole changu ikabaki humo ndani,
nadhani imo hata leo.
Mara ya tatu chuma kikasema krii,
kikaachia.

Kesho yake nilikwenda duka la spea
nikanunua bisibisi ya elfu tisa bila kupatana.
Ile iliyopinda ndiyo iliyonielekeza
wapi pa kuweka pesa ya kweli.
Jeki sikuibadilisha. Nyundo ya mpira bado naiwazia.

Jumapili, kwenye kivuko cha reli, kizuizi kikashuka.
Nikakanyaga.
Gari likasimama
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.
Treni ya Kigoma ikapita, nikawa nahesabu mabehewa;
kwenye la tisa nikapotea,
nilikuwa naangalia grisi chini ya kucha.

Juzi usiku Msabila aligonga, si mlango, dirisha.
Nati ya gurudumu la baiskeli imemshinda.
"Ile nyeusi," akanong'ona, "unayo?"

Hajairudisha.
Ila asubuhi hii, ng'ambo ya ua,
nimesikia ikimponyoka juu ya saruji,
ikaitika.