Habari za Nyumbani

Alianza kazi Jumatatu ya kwanza ya Desemba,
msimu wa sare za shule, Mtaa wa Mchikichi
umevimba kaki na bluu,
nasi ghorofa ya pili tunakula tumesimama.

Nikamwuliza, kama anavyoulizwa mtu yeyote,
"Habari za nyumbani?"
Akaweka mkoba chini. Akafikiri.
"Bomba limepasuka tangu Ijumaa.
Mama presha yake mia sitini kwa mia moja na tano.
Paka amezaa wanne, mmoja hana jicho."
Kisha akanyamaza, akingoja, nahisi sasa,
nimpe na zangu.
Nikasema, "Haya, cherehani yako ile pale."

Jina lake Sikudhani.
Nami, wallahi, sikudhani.

Nilidhani mengine. Nilidhani ana dharau:
mkubwa anaongea naye, hamtazami usoni,
anatazama kifungo cha tatu cha shati.
Nilidhani ana kiburi, nilidhani hakufunzwa.
Chausiku wa vifungo akasema ana mashetani.
Mzee Pazi wa pasi akasema, "Mwacheni, mtoto wa watu,"
lakini alisema kama anayefunga mlango.

"Malizia hizo kola, kisha njoo baadaye kidogo."
"Baadaye kidogo ni saa ngapi?"
Cherehani kumi na moja zikasimama kwa kicheko.
Yeye hakucheka.
Alikuwa ameuliza.

Siku umeme ulipokatika,
jenereta likanguruma chini ya dirisha,
kiti chake kikabaki kitupu.
Nilimkuta stoo, katikati ya marobota,
kitambaa cha kaki kimemfunika kichwa,
kidole kinahesabu nyuzi za pindo, moja moja.
Nilikuja na maneno ya usimamizi mdomoni.
Nikayameza. Nikakaa chini.
Mle ndani palikuwa kimya.
Sikumbuki lini mara ya mwisho
nilikaa mahali penye kimya, Kariakoo.

"Ile sauti," aliniambia kesho yake,
"ni sindano inapopita kwenye ukucha."
Hapo hakuhitaji kunieleza zaidi.
Nani kati yetu haijui sindano ya ukucha?

Basi tukafanya nini? Vitu vya bei ndogo.
Cherehani yake tukaihamishia upande wa uani.
Pamba ya masikio, duka la dawa pale kona.
Ubao na chaki:
KOLA MIA MBILI, SAA NANE NA NUSU.
VIFUNGO VYEUPE, SI RANGI YA MAZIWA.
"Kidogo" na "hivi hivi" nikajaribu kuvifuta kinywani,
na ndipo Mzee Pazi akakiri
sikio lake la kushoto lilikufa miaka sita iliyopita;
siku zote hizo alikuwa akinikisia.

Mwezi wa pili akaja bwana wa oda, na tai yake.
Alishasikia. Akaniinamia:
"Na huyu kipaji chake nini? Maana watu wa namna hii
hawakosi kipaji."
Anashona kola, nikamwambia.
Jumanne anazishona vizuri.
Alhamisi iliyopita alikosea arobaini, tukafumua wote, mpaka magharibi.
Bwana akangoja. Sikuwa na la kuongeza.
Kwani Chausiku ana kipaji gani? Mimi je?
Nani alitupima kipaji
kabla hajatupa kiti?

Sisemi tumekuwa malaika. Bado kuna anayemwiga akigeuka.
Bado mimi mwenyewe, oda ikinibana,
napaza sauti, kisha naona mabega yake.

Jana niliingia nimechelewa.
Sikudhani, macho kwenye kifungo changu cha tatu:
"Habari za nyumbani?"
"Nzuri."
"Nzuri zipi?"

Nikaweka mkoba chini.
Nikafikiri.